Shanta hupimwa Mji wa Kale, si mlimani

Mwembe Tayari, katikati ya kisiwa cha Mombasa, ni mahali pa kuanzia safari tangu zamani. Wazee wa mji husimulia kwamba hapo ndipo misafara ya kwenda bara ilipokusanyika, mizigo ikafungwa na wapagazi wakagawiwa kila mtu fungu lake. Siku hizi misafara ni ya mabasi. Shule zinapofungwa utawaona vijana wa sekondari na wa vyuo wamejipanga kando ya barabara, shanta mgongoni, wakingoja gari la Voi, la Taveta au la Nairobi. Wengi wanakwenda kwa jamaa zao. Lakini wapo pia wanaokwenda kupanda milima na kulala nje: Vuria huko Taita, Kasigau upande wa Voi, Mlima Kenya, na wale waliojaliwa, Kilimanjaro.

Hebu watazame migongo. Huyu amebeba begi lake la shule, sufuria imening'inizwa nje kwa kamba na inagonga kila anapopiga hatua. Yule ana shanta mpya kubwa, rangi yake ya kupendeza, lakini imemshukia hadi matakoni na mikanda inamvuta mabega nyuma, naye ameinama mbele kama mzee wa miaka themanini. Basi halijafika bado, na mlima uko mbali kilomita mia na zaidi.

Mzazi aliyekwisha kulipa nauli, kiingilio cha mbuga na viatu aghalabu huiona shanta kuwa jambo dogo, mfuko tu wa kutilia vitu. Sivyo. Mwanafunzi aliye katika mpango wa President's Award, ulioanzishwa nchini mwaka wa 1966, hutakiwa kwenda safari ya siku mbili na usiku mmoja akiwa ngazi ya shaba, siku tatu ngazi ya fedha, na siku nne ngazi ya dhahabu. Chakula chake, maji yake na malazi yake yako mgongoni. Mikanda myembamba ikimkata mabega kutwa nzima, mishipa ya fahamu inayopita hapo hubanwa na mkono ukafa ganzi; kuna watu ambao ganzi hiyo iliwakaa wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Na siku ya pili, akishindwa kubeba, mzigo wake utagawiwa wenzake au kundi zima litageuza njia. Huko hakuna tuktuk.

Mji huu unaujua uzito wa mzigo kuliko miji mingi. Mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai, bara ya Mombasa, aliondoka huko mwishoni mwa Aprili 1848 na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, mzoefu wa njia za Uchagani. Vitabu humtaja Rebmann na mwavuli wake. Waliomchukulia vitu hawatajwi sana. Katika misafara ya karne ile mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani juu ya kata au begani, siku baada ya siku. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka wa 1901 ndiyo iliyowatua.

Ili uelewe kilo 32 ni nini, tazama mitungi ya plastiki ya lita 20 inayosukumwa kwenye mikokoteni ya maji katika vichochoro vya Mji wa Kale. Mtungi mmoja uliojaa una kilo 20. Mpagazi alibeba mtungi mmoja na zaidi ya nusu. Kijana wa leo mwenye uzito wa kilo 50 asibebe zaidi ya nusu mtungi, kilo 10, kwani wataalamu wengi husema mzigo wa safari ya siku kadhaa usizidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili. Kwa mtoto ambaye bado anakua, upungue zaidi. Basi kabla ya kuulizia bei ya shanta yoyote, pima kwanza vitu unavyotaka kutia ndani. Utashangaa ni vingapi vitabaki nyumbani.

Jambo la pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni mahali ambapo uzito huo unakaa. Mwalimu mzuri wa somo hili ni mama mwenye mbeleko. Mtazame anavyombeba mtoto wake akienda Marikiti. Hamning'inizi begani kwa uzi. Humkalisha mgongoni juu kidogo ya makalio, akamzungushia nguo pana, akaikaza hadi mtoto akawa kama sehemu ya mwili wake. Mtoto hayumbi, haanguki nyuma, na uzito wake umeenea kiunoni na kifuani badala ya kukata mahali pamoja. Saa moja baadaye mama huyo bado yuko wima, anabishana bei ya nyanya.

Shanta ya safari ndefu imeundwa kwa akili hiyohiyo. Ina mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji ngumu, ambao hukaa juu ya mifupa ya nyonga na kuchukua sehemu kubwa ya uzito. Mikanda ya mabegani kazi yake si kubeba bali kuushikilia mzigo usianguke nyuma. Katikati kuna fremu inayoupeleka uzito chini hadi kiunoni. Wazungu walichukua muda kufika hapo. Ole Bergan wa Norway alianza kutengeneza shanta yenye fremu ya kufuata umbo la mgongo takriban mwaka wa 1908. Mwaka wa 1952 Dick Kelty wa California akaanza kuuza zile za fremu ya alumini na mkanda wa kiunoni, mkewe akishona mifuko nyumbani. Mwaka wa 1967 Greg Lowe, Mmarekani pia, akaiingiza fremu ndani ya mfuko wenyewe. Hii ya fremu ya ndani ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa Mombasa, kwa sababu ile ya nje hunasa kwenye mlango wa matatu na kukwaruza watu katika kichochoro chembamba.

Sasa kupima. Kinachopimwa ni mgongo, si kimo. Kuna watu warefu wenye migongo mifupi na miguu ya korongo, na wafupi ambao mgongo wao ni mrefu. Chukua utepe wa fundi cherehani. Inamisha kichwa, utahisi kifundo cha mfupa kilichojitokeza chini ya shingo. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, upapase kilele cha mifupa ya nyonga. Mahali vidole gumba vinapoelekeana mgongoni ndipo pa kuishia. Mwenzako apime kati ya alama hizo mbili, utepe ukiufuata mgongo. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 40 na 55. Andika namba hiyo kwenye karatasi na uende nayo sokoni kama unavyokwenda na namba ya kiatu.

Shanta zinazorekebishwa zina sehemu ya mabegani inayopandishwa na kushushwa, kwa velkro au kwa vitanzi vilivyopangwa kama ngazi. Kwa familia hizi ni neema. Kijana wa miaka 14 atakua nayo hadi chuo, na dada yake ataitumia mwezi ujao kwa kushusha vitanzi viwili tu. Wasichana hasa waangalie mkanda wa kiunoni ukae sawasawa na umbo la nyonga, na mikanda ya mabegani iliyopinda kidogo isiyobana kifua. Shanta isiyorekebishwa si mbaya ikiwa inakutosha wewe, lakini basi ni yako peke yako.

Ukubwa wa shanta huhesabiwa kwa lita. Kwa usiku mmoja hadi mitatu lita 40 au 50 zinatosha; kwa siku nne au tano, 60 hivi. Usivutwe na ile ya lita 80 kwa kuwa bei yake inakaribiana. Shanta kubwa hujazwa, hata na vitu visivyohitajika.

Za kununua zipo. Madukani utapata mpya, nyingine zikiwa na jina kubwa limechapwa mbele ilhali mkanda wa kiunoni ni utepe mtupu usio na sponji. Hilo ni pambo. Kwenye mitumba, kisiwani na hata ng'ambo ya daraja la Nyali katika soko la Kongowea, hupatikana shanta za kweli ambazo mtu wa Ulaya alizichoka baada ya safari mbili, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Hapo lakini uwe na macho. Vuta mkanda wa bega kwa nguvu pale unaposhonwa na mgongo wa shanta. Uzi ukiachia, utaona. Fungua na kufunga kila zipu mara tatu. Geuza mfuko ndani nje: ukikuta utando unaobanduka au unaonata vidoleni kama gundi, basi kitambaa kimekwisha na maji yatapita, na joto la pwani litaukamilisha uharibifu huo upesi. Bizimu iliyovunjika isikuvunje moyo, mafundi wa mabegi na viatu huibadilisha na kushona upya kwa uzi wa nta. Fremu iliyopinda au kuvunjika, mrudishie mwenyewe.

Ukiijaribu dukani, usiijaribu tupu. Shanta tupu humpendeza kila mtu. Nenda na chupa kubwa za maji, kwani kila lita ni kilo moja na hesabu ni rahisi, uzifunge kwa leso ili zisicheze ndani, utie kilo 8 au 10. Legeza mikanda yote. Ivae, inua mabega kidogo, ufunge kwanza mkanda wa kiunoni, katikati yake ikae juu ya kilele cha nyonga, si tumboni wala mapajani. Ukaze. Ndipo uvute mikanda ya mabegani hadi iguse bega kote bila kulikandamiza. Kisha ile midogo inayotoka juu ya bega kwenda kwenye kichwa cha shanta: ivute kidogo tu, mzigo uje karibu nawe. Mwisho ni mkanda wa kifua, nao usikubane pumzi. Kama umevaa sawasawa, utaweza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega na kuhisi kwamba uzito umeondoka hapo.

Dakika kumi dukani hazitoshi. Patana na mwenye duka, ukimwachia pesa zake, kwamba utaweza kuibadilisha kesho yake ikiwa safi. Wengi hukubali. Kisha, alasiri jua likipungua, iende ikapimwe Mji wa Kale.

Msomaji atauliza, kisiwa hiki ni tambarare, mlima uko wapi? Nami nitasema mlima si lazima. Unachotafuta ni muda, joto, ngazi na mahali pa kujibana, na vyote hivyo viko hapo. Anzia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 na ambayo tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Shika Ndia Kuu taratibu, milango ya nakshi kushoto na kulia. Robo saa ya kwanza usiguse kitu, sikiliza mwili tu. Mahali shanta inapokusugua utapajua kwa jasho, kwa kuwa unyevunyevu wa Mombasa hufichua kwa dakika ishirini lile ambalo baridi ya Taita huficha kwa siku nzima.

Nyumba nyingi za mji huu zina baraza za mawe mlangoni, na baraza ni kifaa kizuri kuliko vyote vya mbeba shanta. Kuinua kilo 10 kutoka chini na kuzirusha mgongoni ndiko kunakotegua viuno. Omba ruhusa kwa wenyewe walioketi, kalisha shanta juu ya baraza, igeukie mgongo, vaa mikanda, kaza kiuno, ndipo usimame. Mlimani tafuta jiwe au gogo la kimo hicho. Na ukiwa hapo, muuza kahawa akipita na dele lake, si dhambi kupumzika.

Endelea kuupita msikiti wa Mandhry, ambao tarehe yake husemwa kuwa 1570, hadi uwanja wa Government Square karibu na bandari ya majahazi. Hapo karibu kuna ngazi za Leven zinazoshuka baharini, zilizopata jina kutokana na manowari ya Waingereza ya miaka ya 1820. Ngazi hizi ndizo mlima wako. Zipande na kuzishuka mara tano. Wakati wa kupanda angalia kama kichwa cha shanta kinakugonga kisogo unapotazama juu. Wakati wa kushuka, mzigo usikusukume wala kuyumba ubavuni. Ukiyumba, ama mikanda imelegea ama umeufunga mzigo vibaya. Kisha rudi kwa Kibokoni na ujipenyeze hadi Biashara Street wakati watu wanatoka kununua leso. Kama unawagonga wapita njia kwa mifuko ya pembeni, shanta ni pana mno, na matawi ya msituni hayatakuomba radhi kama watu wa Kibokoni. Mwenye nguvu zaidi na aende Likoni, ateremke mteremko wa feri na kuupanda tena pamoja na umati.

Yote hayo ni kama saa moja na nusu. Ukifika nyumbani vua shati, mtu akutazame. Wekundu kidogo kiunoni ni kawaida na utapotea kabla ya kulala. Michubuko mabegani, au ganzi mkononi, au maumivu sehemu ya chini ya mgongo, ni kwamba shanta haijarekebishwa au si saizi yako. Rekebisha, rudia kesho. Ikikataa, irudishe. Afadhali aibu mbele ya mwenye duka kuliko kubebewa na wenzako.

Kuhusu upangaji wa vitu, nitakupeleka kwa hamali wa mkokoteni. Yeye hapakii magunia ovyo. Uzito wote hukaa juu ya ekseli: ukizidi nyuma, mikono ya mkokoteni humwinua yeye hewani, ukizidi mbele, humkandamiza. Shanta nayo ina ekseli yake, nayo ni nyonga zako. Vitu vizito, yaani chakula, jiko na maji, viwe katikati na karibu kabisa na mgongo. Mfuko wa kulalia ukae chini. Nguo nyepesi zijaze nafasi za nje. Koti la mvua juu, kwani mvua ya mlimani haibishi hodi. Na hakuna kuning'iniza sufuria nje.

Mvua hiyo ina habari yake. Zamani watu walifunga kila kitu katika karatasi za plastiki na mambo yakaisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na hifadhi, chupa ndogo za maji zikiwamo. Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka wa 2019, kwa hivyo usifikiri utanusurika ukivukia Holili kwenda Kilimanjaro. Mwombe fundi akushonee mfuko wa ndani kwa kitambaa cha turubai jepesi, mrefu wa kutosha kukunjwa mdomo mara tatu. Utadumu kuliko shanta yenyewe. Maji ya kunywa yatie katika chupa ngumu ya kujazwa tena.

Kabla ya kupandisha shanta kwenye buti la basi, ugeuze mkanda wa kiunoni nyuma na uufunge upande wa mbele wa shanta, mikanda mingine yote uipenyeze ndani. Mikanda mingi hukatikia butini, ikivutwa na utingo mwenye haraka, kuliko mlimani. Wanaokwenda na gari moshi la Miritini nao wakumbuke kwamba mizigo hukaguliwa stesheni, na mitungi ya gesi na visu havipiti.

Ukirudi, chumvi ya jasho na hewa ya bahari vitaendelea na kazi vilivyoianza. Kung'uta vumbi, futa mikanda na sponji kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na sabuni kali, pitisha mswaki mkavu kwenye zipu zote, uanike kivulini. Usiikunje ikiwa na unyevu, wala usiiweke sakafuni. Katika nyumba za Mji wa Kale, kuta za matumbawe huvuta maji na baada ya mwezi mmoja kitambaa hutoa ukungu. Ining'inize kwenye msumari wa mlango, mifuko yote wazi, isiguse ukuta.